Usaili wa Mtendaji wa Kijiji: maarifa ya jumla usome yapi, uache yapi

*"Shikamoo mwalimu. Nina astashahada ya Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo na nimeshaitwa kwenye usaili wa mchujo wa Mtendaji wa Kijiji katika halmashauri zaidi ya moja. Kila mara nakwama palepale. Maswali ya taratibu za kazi nayajibu, lakini yakija ya maarifa ya jumla na matukio ya sasa naona giza. Nimenunua mafaili ya 'maswali elfu moja na majibu yake' kwenye magrupu ya WhatsApp, nikakariri usiku kucha, na chumbani sikuliona hata moja kama nilivyolikariri. Wengine wananiambia wanatunga kutoka habari za miezi sita ya mwisho tu, wengine wanasema nisome historia yote tangu enzi za Mjerumani. Kuna kaka mmoja anasema nikimpa elfu themanini atanipa maswali yenyewe kabla ya siku. Nina kama miezi miwili. Nisome nini, niache nini? Na kweli kuna anayepita hapa bila kujuana na mtu?"*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja: usome nini, usome kwa njia gani, na kama kuna haki mwishoni. Nitayajibu yote, na huyo kaka wa elfu themanini simwachi.

Kwanza nikutoe hofu. Mtu anayejibu vizuri maswali ya taratibu hana kasoro ya kichwa wala ya kumbukumbu. Taratibu ulizisoma chuoni zikiwa na mpangilio: nani ana mamlaka, kayapata wapi, anayatumia kwa hatua zipi. Matukio ya sasa umeyasoma kwa orodha, jina hili, tarehe ile, namba ile, kila moja limesimama peke yake. Vitu elfu moja visivyohusiana havikai kichwani mwa mtu yeyote, na hata vikikaa, mtunzi akigeuza swali kidogo tu vinakutoka. Ninachotaka ufanye katika miezi hii miwili ni kusoma habari kwa namna ileile uliyosomea taratibu.

Tuanze na hayo mafaili. Fungua mojawapo uangalie mambo manne. Waziri Mkuu ni nani? Likisema Kassim Majaliwa, liliandikwa kabla ya Novemba 2025. Chombo kinachosimamia uchaguzi mkuu kinaitwaje? Likisema Tume ya Taifa ya Uchaguzi, halijafika 2024, mwaka ambao sheria mpya ilikipa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama ngapi? Sita ni jibu la kabla ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022, na saba ni la kabla ya Somalia kukamilisha uanachama wake Machi 2024. Baada ya hapo zikawa nane. Watanzania ni wangapi? Faili likikupa milioni 44.9, limebaki kwenye sensa ya 2012. Faili linaloanguka katika mawili kati ya hayo lifute kwenye simu. Kukariri jibu lililochakaa kuna hasara kubwa kuliko kutolijua kabisa, kwa sababu unalijaza kwa kujiamini na huna hata sababu ya kulirudia.

Hilo la miezi sita nalo lina punje ya ukweli iliyokuzwa mno. Jiweke kwenye kiti cha mtunzi wa swali. Anahitaji jibu moja tu lililo sahihi, lisilobishaniwa na msailiwa anayekata rufaa, na litakaloendelea kuwa sahihi siku ya mtihani hata kama mtihani utasogezwa mbele. Habari iliyotoka juzi haimpi uhakika huo: takwimu inaweza kusahihishwa, kiongozi anaweza kuhamishwa. Kwa hiyo hukimbilia kile tukio lilichosimamia, yaani ibara ya Katiba, kifungu cha sheria, taasisi, takwimu rasmi iliyokwisha kutangazwa. Habari mpya humkumbusha tu cha kuuliza. Ndiyo maana mtu anayesikiliza taarifa ya habari kila siku bila kuuliza "hili limefanyika kwa mamlaka gani?" hufika chumbani akiwa amesikia kila kitu na hana jibu.

Acha nikuonyeshe kwa tukio moja, nilifungue lote. Uchaguzi mkuu ulifanyika 29 Oktoba 2025. Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa 3 Novemba. Tarehe 13 Novemba jina la Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, likapelekwa bungeni na wabunge wakalithibitisha kuwa la Waziri Mkuu. Faili la WhatsApp litakupa mstari mmoja: "Waziri Mkuu: Mwigulu Nchemba." Sasa fungua Katiba, ibara ya 51. Inasema Rais atamteua Waziri Mkuu mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka. Inasema mteuliwa awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo la uchaguzi, anayetokana na chama chenye wabunge wengi zaidi. Inasema hatashika madaraka mpaka uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa kura za wabunge walio wengi. Hesabu mwenyewe: kutoka tarehe 3 hadi 13 ni siku kumi, ndani ya muda. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliapishwa 5 Novemba, na jina la Majaliwa likatajwa tarehe 19, siku ya mwisho kabisa ya zile 14.

Umeona kilichotokea? Tukio moja limezaa maswali sita au saba, na yote unayajibu kwa kuelewa. Je, mbunge wa viti maalumu anaweza kuwa Waziri Mkuu? Hapana, kwa sababu lazima atoke jimboni. Je, Makamu wa Rais naye huthibitishwa na Bunge? Kwenye uchaguzi mkuu hapana, kwa ibara ya 47 yeye hupigiwa kura pamoja na Rais kama mgombea mwenza; anayeteuliwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi katikati ya kipindi ndiye huthibitishwa na Bunge. Kazi ya Waziri Mkuu ni nini? Ibara ya 52: kudhibiti, kusimamia na kutekeleza kazi za Serikali za siku hata siku, na kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Na Bunge lenyewe lina sehemu ngapi? Hapa wengi huanguka. Ibara ya 62 inasema mbili: Rais na wabunge. Aliyekariri jina peke yake hana hata moja kati ya hayo.

Nenda nalo hatua moja nyuma zaidi. Rais Magufuli alifariki 17 Machi 2021, na siku mbili baadaye Makamu wake akaapishwa kuwa Rais kwa ibara ya 37(5), kumalizia kipindi kilichobaki. Je, anaruhusiwa kugombea mara ngapi baada ya hapo? Ibara ya 40(4) inategemea urefu wa kipindi alichorithi: kikiwa chini ya miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili, kikiwa miaka mitatu au zaidi ni mara moja tu. Kilichobaki mwaka 2021 kilizidi miaka minne. Jibu unalifikia kwa kuhesabu, hata kama hujawahi kuliona swali hilo popote.

Jambo moja la tahadhari hapa. Siasa za uchaguzi zina watu wenye hisia kali, na wewe unazo zako, ni haki yako. Usaili unapima kama unaijua nchi na sheria zake. Jibu yaliyoandikwa, taja ibara na tarehe, maoni ya upande yaache mlangoni. Ukipata kazi utahudumia kijiji kizima bila kuuliza nani ana kadi gani, na jopo linataka kuona dalili hiyo mapema.

Sasa tuje kwenye kada yako, kwa sababu hapa ndipo ninapoona unapoteza alama bila sababu. Unasoma maarifa ya jumla kama somo la mbali, wakati Mtendaji wa Kijiji anaishi katikati yake. Chukua tangazo la kazi uliloombea, soma sehemu ya majukumu polepole. Utakuta haya: Afisa Masuuli na Mtendaji Mkuu wa Serikali ya Kijiji, mlinzi wa amani na msimamizi wa utawala bora, katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, kuratibu mipango ya maendeleo, kusimamia utungaji wa sheria ndogo, kutunza kumbukumbu na nyaraka. Kila jukumu hapo ni mlango wa maswali, na habari nyingi unazosikia redioni zinaingia kupitia milango hiyo.

Anza na Katiba, ibara ya 145 na 146. Ni fupi, zisome mpaka uweze kuzieleza kwa maneno yako. Ya 145 inaanzisha vyombo vya serikali za mitaa, na ya 146 inataja madhumuni yake: kupeleka madaraka kwa wananchi. Halafu fahamu zilikotoka. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, vijiji vikawekewa sheria yake mwaka 1975, kisha zikarudishwa kwa sheria za 1982: Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Kijiji kiko chini ya Na. 7. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mwenyekiti huchaguliwa na wananchi, mtendaji huajiriwa. Mwenyekiti ndiye anayeongoza kikao, mtendaji ndiye katibu. Tofauti hii huulizwa kwa sura nyingi, kwa sababu migogoro mingi ya vijijini huanzia hapo.

Ardhi ipe nafasi kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Na. 5 ya 1999, na ilianza kutumika 1 Mei 2001. Ardhi ya Tanzania imegawanywa katika makundi matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na angalau watatu wawe wanawake. Ukisikia habari ya wakulima na wafugaji, au ya mipaka ya kijiji na hifadhi, usiishie kwenye tukio. Jiulize ardhi hiyo iko kundi gani, ni chombo kipi kilipaswa kulishughulikia kwanza, na mtendaji alitakiwa kufanya nini kabla ya polisi kufika.

Mfano mwingine ninaoupenda kwa kada yako ni mikopo ya asilimia kumi. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha bila riba vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwanzoni lilikuwa agizo tu la Serikali, na mwaka 2018 likaingizwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, kwa sababu marejesho yalikuwa mabaya na vikundi hewa vilikuwa vimeonekana kwenye ukaguzi. Ukarejea mwaka wa fedha 2024/25. Hilo la ukaguzi linakupeleka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ibara ya 143, ambaye ripoti yake hupelekwa kwa Rais kila mwaka mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Kwa hiyo ukisikia "ripoti ya CAG" mwezi wa nne, unajua imetoka wapi, inakwenda wapi, na kwa nini inasikika majira hayo. Unajua pia kwa nini msaili anaweza kukuuliza: "Kikundi kimekuja ofisini kwako kinataka mkopo, utajiridhisha vipi kwamba kipo kweli?" Swali hilo ni la matukio ya sasa, la sheria na la uadilifu, yote kwa pamoja.

Usichanganye chaguzi mbili. Ule wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024 ukiratibiwa na TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ule wa Rais, wabunge na madiwani, Oktoba 2025, ulisimamiwa na Tume Huru. Mtunzi anayetaka kukutelezesha ataweka majibu yote mawili jirani.

Kuhusu takwimu, chukua chache na uzielewe mpaka ndani. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Wanawake ni 31,687,990, wanaume 30,053,130. Ile ya 2012 ilipata 44,928,923. Toa, utaona tumeongezeka karibu milioni 17 kwa miaka kumi, kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka. Sasa rudisha namba hiyo kijijini. Ina maana gani kwa madarasa, kwa zahanati, kwa mashamba yanayogawanywa kwa watoto? Ukiweza kujibu hilo, namba haitakutoka tena.

"Uchumi wa kati" nao husomwa vibaya. Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini tarehe 1 Julai 2020, kwa sababu wastani wa pato la taifa kwa mtu ulifika dola 1,080 na kizingiti cha mwaka ule kilikuwa 1,036. Ni wastani, umepatikana kwa kugawa pato lote kwa idadi ya watu. Haumaanishi kila kaya inapata kiasi hicho. Dira ya Maendeleo 2025 ilikuwa imelenga kufika hapo ifikapo 2025. Iliyoifuata, Dira 2050, ilizinduliwa Dodoma 17 Julai 2025, nayo inalenga uchumi wa dola trilioni moja na wastani wa dola 7,000 kwa mtu. Ukijua wastani unavyopatikana, utaona pia kwa nini ongezeko la watu lile la asilimia 3.2 linaufanya mlima uwe mrefu: pato lazima likue kwa kasi inayozidi ya watu ndipo wastani upande.

Miradi mikubwa jua mahali, kusudi na kipimo kimoja. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ni megawati 2,115, yaani mitambo tisa ya megawati 235. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko kwetu. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la John Magufuli, lilifunguliwa 19 Juni 2025. Zaidi ya hapo usijitese. Majina ya makandarasi na mabilioni ya mikataba yana faida ndogo kwa muda ulionao.

Historia usiisome yote, na enzi za Mjerumani zipite haraka. Kaa kwenye tarehe zinazochanganya: Uhuru 9 Desemba 1961, Jamhuri 9 Desemba 1962, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili mwaka huohuo, na jina la Tanzania likaja Oktoba. Azimio la Arusha ni 5 Februari 1967, kuzaliwa kwa CCM ni 5 Februari 1977. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukawa 1995. Kwa Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, kumbuka jambo hili: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado Tume ikapendekeza vyama vingi. Miji mikuu ya dunia yote, tuzo za filamu, nani kafunga bao la ngapi, viache. Kama lipo swali moja la aina hiyo, lipoteze kwa amani.

Njia za kusoma. Una tatu mbele yako na kila moja ina bei yake. Madarasa ya kulipia yanamsaidia mtu ambaye hajui aanzie wapi. Wewe unajua, kwa hiyo hela hiyo itunze. Magrupu ya WhatsApp yana faida moja ya kweli, kupata matangazo ya kazi na tarehe za usaili mapema. Hata hivyo, kila tangazo lithibitishe kwenye Ajira Portal, tovuti ya Serikali ya maombi ya kazi, au tovuti ya halmashauri. Kwa maudhui usiyategemee. Njia ninayokushauri ni ya watu wawili au watatu wanaokutana ana kwa ana, kila mmoja akiwa na nakala ya Katiba, ambayo ipo kwa Kiswahili kizuri kabisa. Kila jioni sikilizeni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, chagueni habari moja, na muifungue kama nilivyofungua ile ya Waziri Mkuu: nani kafanya, kwa mamlaka gani, ngazi ipi, nini kinafuata kisheria. Moja kwa siku inatosha. Kwa miezi miwili mtakuwa mmegusa karibu kila taasisi kubwa ya nchi, na mtagundua habari zinaanza kujirudia juu ya taasisi zilezile. Andikeni maswali yenu wenyewe na muulizane. Anayejifunza kutunga swali anajifunza pia mitego ya mtunzi.

Wiki mbili za mwisho geukia mahojiano, hata kabla ya kujua kama umepita mchujo. Simama, mwenzako akuulize, ujibu kwa sauti. Wengi wanajua jibu na wanashindwa kulitoa kwa mpangilio. Ukiulizwa usilolijua, sema wazi kwamba hulifahamu kwa sasa, kisha taja ungelitafuta wapi. Jopo la watu wazima linamtambua anayebahatisha kabla hajamaliza sentensi, na mtendaji anayebahatisha kijijini husababisha kesi.

Ulichouliza mwishoni, kama kuna anayepita bila kujuana. Wapo, na ninawajua kwa sura. Baadhi nimewaandaa mwenyewe. Sitakudanganya kwamba upendeleo haujapata kutokea mahali popote. Lakini kikubwa kinachowaangusha watu ni hesabu: waombaji ni wengi mno kwa nafasi chache, na alama mbili au tatu za maarifa ya jumla ndizo zinazokuweka juu au chini ya mstari. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kazi hiyo na bado akabaki nje. Anayefanya vizuri kwenye mahojiano na kukosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi nafasi ikipatikana, kwa hiyo usiondoke kwenye mahojiano ukidhani yameisha bure.

Huyo kaka wa elfu themanini ana hali mbili tu. Ya kwanza, na ndiyo ninayoiamini, hana kitu: atakupa faili kama yale uliyonayo na namba yake itazimwa. Ya pili, awe na mtihani ulioibwa, na hapo wewe unayetoa na yeye anayepokea nyote mko ndani ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Unaomba kazi ya msimamizi wa utawala bora. Usimjibu, hifadhi ujumbe wake, na upige TAKUKURU kwa namba ya bure 113 au uende ofisi yao ya wilaya. Nenda mwenyewe kama unaweza, maelezo ya ana kwa ana yanafuatiliwa vizuri zaidi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo barua hii haitoshi. Umesema "naona giza". Kama ni lugha ya kawaida, kusoma kutalitibu. Kama kweli moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi na akili inafungwa kila ukiona karatasi, nenda zahanati au kituo cha afya uongee na mhudumu. Hali hiyo ina msaada wake, na kukesha na mafaili kunaizidisha. Na nenda kamwone mtendaji wa kijiji unachoishi. Mwombe uhudhurie mkutano mkuu ujao, ukae nyuma, uone ajenda inavyofunguliwa, mapato na matumizi yanavyosomwa, muhtasari unavyoandikwa. Muulize ni agizo gani la karibuni kutoka wilayani linalompa kazi kubwa. Majibu yake yatakupa matukio ya sasa ambayo faili lolote halina.

Mwisho, hakikisha vyeti vyako. Siku ya usaili wanataka vyeti halisi pamoja na cheti cha kuzaliwa, na hati za matokeo za muda hazikubaliki. Kama jina lako kwenye cheti cha kidato cha nne linatofautiana na la chuo au la kitambulisho, hata kwa herufi moja, onana na wakili upate hati ya kuthibitisha majina na uisajili. Fanya hilo wiki hii, kabla ya kufungua hata ukurasa mmoja wa Katiba, maana usajili huo una foleni zake na hausubiri tarehe ya usaili.